Siku Niliyojifukiza na Mama Mkwe

Mimi nilikaa ndani ya blanketi moja na mama mkwe wangu, mzazi wa mke wangu wa ndoa, nikiwa nimevaa bukta tu, na tukafunuliwa mbele ya mzee wa kanisa na kina mama wa kwaya. Nimelisema lote mwanzoni ili asije mtu akadai nimeficha. Hapa mtaani Sakina, Arusha, wapo wanaosimulia habari hii kwa namna yao, na kuna namna moja niliisikia kwa kinyozi ambamo hata bukta sikuwa nayo, kwa hiyo nimeona bora nieleze mwenyewe, taratibu, maana aibu ni yangu na naijua vizuri kuliko kinyozi.

Ilikuwa kipindi kile cha korona. Mimi ni dereva wa watalii. Wageni wangu wa mwisho niliwapeleka uwanja wa ndege, wakaniaga kwa kugonganisha viwiko, bosi akanipigia simu akasema nikae nyumbani wiki mbili nijiangalie afya, na gari nikae nalo hukohuko kwa sababu yadi yake imejaa. Wiki mbili zikaisha, sikuumwa chochote, ila wageni nao hawakuja, basi nikaendelea kukaa. Shule zikafungwa, binti yetu Nuru akawa nyumbani, na mke wangu ambaye ni mwalimu akawa nyumbani pia. Barabara ya Nairobi, ambayo miaka yote tunailalamikia kelele, ikatulia mpaka nikawa naamshwa na ukimya (na ukimya ukikuamsha huna wa kumgombeza).

Daktari mmoja akaongea redioni kwamba mtu anayekaa ndani muda mrefu lazima atunze mwili na akili: awe na ratiba, afanye mazoezi, aote jua, asisikilize habari za ugonjwa kutwa nzima, na azungumze na mtu wake wa karibu kuhusu yale yanayomsumbua. Nikayashika yote isipokuwa hilo la mwisho, ambalo niliona ni la watu wenye matatizo.

Ratiba niliijua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kila asubuhi niliwasimamisha mke wangu na Nuru sebuleni kama wageni, nikawaambia karibuni sana, leo tunaondoka mapema, kila mtu abebe maji na kofia, msishuke bila ruhusa ya dereva. Kisha tunazunguka nyumba. Nuru aliuliza tutaona nini, nikamjibu tutaona banda la kuku, na kweli tuliliona, kila siku, pande zote nne. Mke wangu alizunguka, akiwa na kofia.

Jioni ya saa kumi ilikuwa zamu ya nyungu. Nyie wote mnaijua nyungu, hakuna nyumba hapa mjini ambayo haikupiga nyungu mwaka ule: sufuria kubwa, majani ya mkaratusi, mchaichai, malimao, tangawizi iliyopondwa, unaketi kwenye kigoda, unajifunika blanketi zito na kujifukiza mpaka ujisikie umekuwa ndizi ya kuchemsha. Sisi tulifanyia uani, nyuma ya nyumba, kwa sababu ndani mvuke ulishaanza kubandua rangi ya dari. Mke wangu alikuwa anatangulia kuingia, mimi namalizia mazoezi, halafu namfuata humohumo.

Basi akaja mama mkwe.

Hapa inabidi niwaeleze kidogo. Mimi ni Mmeru wa Tengeru na mke wangu ni wa Machame. Nimelelewa kwamba mama mkwe anasalimiwa kwa mbali, umeinama, kofia mkononi. Hukai naye kochi moja, na mkikutana mlangoni wewe ndiye unayerudi nyuma. Halafu kwenye mahari lipo blanketi la mama. Blanketi hilo kwao mama hapewi mkononi. Mkwe mwenyewe analikunjua mbele za watu na kumfunika mabegani, maana yake ahsante mama kwa kumbeba huyu mgongoni, sasa nawe upate joto. Siku ya shughuli hiyo mimi nilikuwa Serengeti na wageni, ilikuwa msimu na bosi hakutaka kusikia habari za blanketi. Baba yangu mdogo ndiye aliyelinunua na kulipeleka, na badala ya kumfunika mama wa watu, akamkabidhi likiwa ndani ya mfuko wake wa nailoni, akasema hili ni la kwako mama, kisha akaketi kula. Mama hakusema kitu. Akaendelea kutokusema kitu kwa miaka tisa, na nawaambia kutokusema kwa yule mama kunasikika mpaka Arusha.

Sasa amekuja, ana begi lake na furushi la nailoni ambalo alilisukuma nyuma ya kochi mimi sipo, na hakunieleza mimi amefuata nini, alimweleza binti yake jikoni. Kwamba Jumatatu anarudi Machame na binti yake na mjukuu wake, wakae huko mpaka hali itengemae, kwa kuwa huko kuna ndizi na maziwa, na hapa kuna mwanaume anayezunguka nyumba. Mke wangu akanisimulia tukiwa chumbani. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema, "Nitafikiri."

Hilo "nitafikiri" lilinimaliza. Angesema naenda, ningejua pa kuanzia kubembeleza. Niliogopa, nasema wazi. Nimewahi kusimamiwa na tembo dume mbele ya gari, amepanua masikio, na wageni nyuma wanalia, sikuogopa hivyo, kwa sababu tembo yule alikuwa hana nia ya kuondoka na mke wangu.

Nikaamua nimwonyeshe mama kwamba nyumba hii ina baba na huyo baba yuko imara. Nikaongeza mazoezi. Nikawa natabasamu hata nikiwa peke yangu. Kila asubuhi nasimama mbali, nainama, "Shikamoo mama," anaitika marahaba, ananiuliza nimeamkaje, nami namjibu vizuri kabisa mama, nina nguvu tele. Anasema ndiyo, amekuwa akiniona ninavyozunguka. Hapo mazungumzo yanaisha, mimi narudi nyuma mpaka jikoni, na huko jikoni ndiko nilikokuwa nakula, nimesimama, sahani juu ya friji.

Jumamosi ndiyo yakatokea. Blanketi letu la nyungu lilikuwa limefuliwa na halikukauka, mawingu ya Mlima Meru yalishuka tangu asubuhi yakakaa. Sufuria imeshachemka, saa kumi imefika, na ratiba ni ratiba. Nikaingia sebuleni, nikachungulia huku na huku, nikaona nyuma ya kochi blanketi jipya kabisa, zito, la maua makubwa mekundu, ndani ya mfuko wa nailoni ambao hata haujachanwa. Sikuuliza mtu. Sikulitambua, ningelitambuaje wakati sikuwahi kuliona? Nikasema moyoni mke wangu naye ana siri, anaficha vitu vizuri hivi huku tunajifunika matambara, nikachana mfuko kwa meno, nikalipeleka uani, nikalitandaza juu ya kigoda na sufuria vizuri, nikaenda zangu kwenye gari. Uamuzi wangu ulikuwa huo tu. Mambo mengine yote yaliyofuata yalijiendesha yenyewe.

(Kwenye gari nilikuwa nafanya nini, mtasikia muda si mrefu, nitakisema mwenyewe mahali ambapo sikupaswa.)

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mama aliamka na mafua siku hiyo, na mke wangu akamwambia atangulie yeye kwenye nyungu, akampa kanga yake ajifunge, kisha yeye akaenda mbele kufagia uwanja kwa sababu watu wa jumuiya ya kanisa walikuwa wamesema watapita kumsalimu mgeni. Nami nikarudi kutoka kwenye gari, nikavua miwani kwa sababu ya mvuke (bila miwani mimi natambua tembo tu, na awe karibu), nikaona blanketi limevimba, mtu yumo, na pindo la kanga ya mke wangu limetokeza chini. Nikavua shati. Nikainua upande mmoja, nikaingia.

Ndani ni giza na moto na malimao. Macho yanawasha, unayafumba. Nikakaa kwenye ile nusu ya kigoda, nikamsukuma mwenzangu kidogo kwa kiwiko nikamwambia sogea mke wangu, leo umejaza kigoda. Akasogea. Hakujibu, lakini kwenye nyungu watu hawaongei sana, mnapumua tu.

Sasa mimi sijui ni mvuke, sijui ni lile neno la daktari lilikuwa limenikaa kichwani, nikaanza kuongea. Nikaanza na mama. Nikasema mama yako anakohoa makusudi kila nikipita, na mtori wake wa ndizi hauna chumvi, tunaumeza tu kwa adabu. Nikapigwa kofi moja la mgongoni, kavu. Nikadhani ni mapenzi, nikaendelea.

Nikasema, "Mimi siko sawa, mke wangu. Nadanganya. Nikitoka nje jioni nakwambia nafanya mazoezi, sifanyi. Naingia kwenye gari, nafunga mlango, naviambia viti vitupu majina ya ndege."

Hakunipiga tena. Mvuke tu.

Nikasema ninavionyesha viti ndege walioko juu ya waya za umeme, nikishamaliza nalia, nikishalia napangusa dashibodi, narudi ndani nikitabasamu. Nikasema sijui kama wageni watarudi, na wasiporudi mimi sijui kazi nyingine. Nikasema mama yako akikuchukua wewe na Nuru hiyo Jumatatu sitaweza kuzunguka hii nyumba peke yangu, nitakaa tu mlangoni na kofia yangu. Na nikasema usimwambie, maana mbele yake nimejikaza, akijua ataona kweli alimtoa binti yake kwa mtu hafifu.

Nilikuwa nalia wakati huo. Kwenye nyungu haina shida, kila kitu kinatiririka. Nikahisi mkono unawekwa begani kwangu, mzito, wenye joto, ukakaa hapo. Nikasema ahsante mke wangu.

Ndipo nikamsikia mke wangu akiongea nje. "Mama, wageni wa jumuiya wamefika, tumekuja nao hukuhuku uani."

Na hapo pembeni yangu, sikioni kabisa, sauti ikajibu kwa utulivu, "Nawasikia."

Mkono ukaondoka begani.

Ndugu zangu, sina maelezo ya akili yangu ilivyofanya kazi hapo. Nakumbuka nilihesabu wanawake: mke wangu yuko nje, kwa hiyo huyu wa ndani siye, kwa hiyo huyu ni nani, na jibu lilikuwepo ila sikulitaka. Huko nje nikamsikia Mama Happy, jirani yetu anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya (sauti ambayo haihitaji kipaza sauti), akiuliza mbona miguu ni minne. Mke wangu akasema labda mama ameingia na Nuru. Mama Happy akasema Nuru havai makubazi ya tairi.

Nikaamua nitoroke kwa upande wa pili, kimyakimya, niinue pindo niteleze kuelekea banda la kuku. Lilikuwa wazo zuri mpaka niliposimama. Blanketi lilikuwa limenasa kwenye mkanda wa bukta, nilipoinuka likainuka nalo lote, mguu wangu ukapiga sufuria, sufuria ikalala, maji yakaenda upande wa kuku, mvuke ukapanda uani kote, na ulipotulia nilikuwa nimesimama mbele ya Mzee Kaaya, mzee wa kanisa, na kina mama wa kwaya waliovaa barakoa za kitenge za sare, mimi nina bukta, jani la mkaratusi kwenye paji la uso, na blanketi limening'inia nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa bado ameketi kwenye kigoda chake, kanga imefungwa vizuri, amenyooka, amelowa jasho, kama mtu anayesubiri ibada ianze.

Mzee Kaaya alivua kofia, sijui kwa nini, nadhani alizoea kuivua mahali penye tatizo. Mke wangu alikuwa ameshika ufagio na anautazama. Mimi nikasema, "Shikamoo mama." Ilikuwa adabu iliyochelewa lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

"Marahaba," akasema. Kisha akamgeukia Mzee Kaaya, akamuuliza kama amemwona huyu kijana. Mzee Kaaya akasema amemwona, mama, amemwona vizuri. Akamuuliza na blanketi je, analiona? Akasema analiona, ni jekundu. Akawauliza na kina mama mmojammoja, nao wakakubali wanaliona, na hapo ndipo nilipomtazama mke wangu, na kwa namna alivyoziba mdomo nikaelewa ni blanketi lipi. Mama alikuja nalo kulirudisha. Kwao ukiona mama amerudisha blanketi, ujue binti naye yuko njiani kurudi kwao. Alikuwa amelibeba tangu Machame, jipya, halijafunguliwa miaka yote ile, na mimi nimelichana mfuko kwa meno, nimelipika na malimao.

Nilitamani ile sufuria iwe imenimwagikia mimi.

Mama akaniambia, "Linasue hilo blanketi. Njoo unifunike."

Nikalinasua. Lilikuwa limelowa pindo, linanuka mchaichai na lina kipande cha tangawizi. Nikamzunguka kwa mbali kwanza, akasema karibu zaidi, mbona dakika mbili zilizopita hukuwa na aibu, kwaya wakacheka ndani ya barakoa, nikamsogelea nikalikunjua nikamfunika mabegani. Nikasema ahsante mama kwa kumbeba. Nilijua maneno yake, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi zamani kabla ya ile safari ya Serengeti.

Akalikamata kwa mbele, akajifunga sawasawa, akamwambia Mzee Kaaya kwamba leo amefunikwa na mkwe wake na mashahidi mpo, mkaseme hivyo. Mama Happy akapiga vigelegele na akapiga picha. Hiyo picha mmeiona wote, msijifanye.

Usiku ule sikula, na Jumapili sikutoka chumbani (nilisema nina mafua, ikaonekana ni kweli kwa jinsi uso ulivyovimba). Hofu yangu haikuwa picha. Hofu ilikuwa kwamba sasa mama anajua. Mtu hafifu ameshajieleza kwa mdomo wake, hata upelelezi hauhitajiki, na Jumatatu ni kesho.

Jumatatu asubuhi nikatoka na suti ya kanisani, nimeamua kwamba nikiachwa niachwe nimevaa vizuri. Mlangoni nikaona begi moja. Nikatafuta la mke wangu, sikuliona. La Nuru, sikuliona. Mke wangu alikuwa jikoni anakaanga maandazi, akaniambia mama ananisubiri nje.

Mama alikuwa amesimama kando ya gari, amejifunika lile blanketi juu ya nguo za safari. Nikasimama mbali, nikainama. Nikaanza kumwomba radhi kwa yale ya mtori. Akanikatisha akasema mtori utatiwa chumvi, hayo yameisha. Akasema mwanzoni alipoliona blanketi limefunguliwa na kutandikwa, alifikiri hatimaye nimepata akili nataka kumfunika, ndiyo maana aliingia akakaa kimya kusubiri nije niseme neno. Nikaja, nikasema mengine. Akaona akinijibu nitazirai kwenye maji ya moto, halafu akaona aendelee tu kusikiliza.

"Kila asubuhi nakuuliza umeamkaje," akasema, "na kila asubuhi unaniambia una nguvu. Mwanaume mwenye nguvu nimwachie binti yangu wa nini? Hana kazi naye."

Hakungoja jibu. Akafungua mlango wa nyuma wa gari, gari zile ni ndefu, akanyoosha mkono nimpandishe, na mimi nikaushika ule mkono ambao kwa adabu zetu sikupaswa kuushika, lakini ulishawahi kukaa begani kwangu kwa hiyo tulikuwa tumeshaharibu. Akaketi kiti cha mgeni, dirishani, akavuta blanketi magotini. Nami nikazunguka, nikapanda mbele, nikafunga mlango. Sikuwasha injini, mafuta ni ya bosi.

"Haya," akasema. "Leo kiti kimoja kina mtu. Nionyeshe hao ndege."

Nikamwambia upande wa kulia, mama, juu ya waya, pale kuna chiriku. Akasema chiriku anamjua, niendelee. Nikaendelea. Nikamwonyesha njiwa wa Mzee Kaaya na kunguru wa jalalani, nikamweleza wanakula nini na wanataga wapi, nikamwonyesha mwewe aliyekuwa anawapigia hesabu kuku wetu, na mahali fulani katikati ya mwewe nikajikuta napangusa dashibodi. Hakuharakisha. Alipoona nimekaa sawa akaniuliza yule mdogo wa kijivu ni nani, na nikamwambia.

Aliondoka na basi la mchana, peke yake, na blanketi.

Tangu siku hiyo mimi nikikuta blanketi limevimba, hata kama ni nyumbani kwangu na mlango nimefunga mwenyewe, napiga hodi, nasubiri niitikiwe, tena nauliza ni nani kwa jina. Wageni wamerudi, kazi ipo, sizunguki tena banda la kuku. Ila yule mama mpaka leo ananipigia kila asubuhi kabla sijatoka, ananiuliza nimeamkaje, na nikisema vizuri anakaa kimya kwenye simu mpaka niseme kweli.